Kioo cha Uchumba

Nilipoingia sebuleni kwa shemeji Rajabu siku ya tatu ya msiba, kabla hata ya kuketi kwenye mkeka nilitafuta doa la chumvi. Lilikuwa palepale, kushoto mwa dirisha, usawa wa kiuno changu: mstari mweupe juu ya saruji, mrefu kama kitanda cha mtoto. Nyumba ile imepakwa rangi mara nyingi tangu nihame, mara ya mwisho bluu ya kung'aa ambayo marehemu asingeikubali angekuwa na nguvu zake, na kila mara chumvi imejitokeza tena juu ya rangi. Mjukuu mmoja wa kike aliniona nimekodolea macho ukuta, akaniomba radhi, akasema ukuta huo una unyevu na fundi wameshamwambia. Nikamjibu kwamba si unyevu, mwanangu, hiyo ni bahari. Akanitazama kwa huruma na kuniletea maji ya kunywa. Sikumlaumu. Nilikuwa nimetoka Mbeya alfajiri, miguu imevimba kwa basi, na dada Mwanahamisi alikuwa amekwisha kuzikwa, maana wenzetu Waislamu hawamchelewishi marehemu. Nikakaa na wanawake wenzangu, nikapewa kikombe cha chai yenye iliki, na kwa ile iliki tu nikalia kilio ambacho sikulia niliposikia habari kwenye simu.

Mwaka ninaousema ni sabini na sita. Habari za kwetu nitaziacha, zina mahali pake. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nina cheti cha mifugo nilichokipata chuoni Uyole, nimekitia ndani ya bahasha ya plastiki kisilowe, na nina kiburi ambacho hakikuhitaji bahasha. Kule Uyole nilikuwa nimefundishwa, pamoja na mengine, kutambua vifaranga wa siku moja. Unamshika kiganjani, unambinua, unamkamua kidogo, unamtazama nyuma, unatamka jogoo au jike, unamtia kwenye boksi lake, unachukua mwingine. Nilikuwa hodari kweli. Mwalimu wetu alifikia kuniweka mbele ya darasa niwaonyeshe wanaume. Mtu wa umri ule, watu wanakuja kukuuliza huyu ni nini, unatamka, na inakuwa kweli, kichwa kitaacha kuvimba? Nilipangiwa kazi Iringa, na kwa kuwa wafugaji walikuwa wamezoea bwana mifugo, mimi wakaniita bwana mifugo wa kike. Nilikuwa nakwenda mpaka Idodi kwa magari ya kudandia, nawachanja kuku na kutazama ng'ombe, narudi jioni nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope.

Chumba nilipata Ipogolo, chini ya mlima, hatua chache kutoka barabara kuu, kwenye nyumba ya dereva wa lori. Huyo ndiye Rajabu. Alikuwa Mhehe mrefu, mpole, asiyependa maneno, aliyekuwa akipakia mizigo bandarini Dar es Salaam na kuishusha Tunduma, akipita nyumbani kwake kama mgeni, usiku mmoja akipanda na usiku mmoja akishuka. Mke wake Mwanahamisi alikuwa na miaka kama ishirini na minane, mtu wa Pangani. Siku ya kwanza nilibisha hodi nikijiandaa kusema kamwene, kama nilivyofundishwa kuwasalimia Wahehe, na aliyenifungulia ni mwanamke aliyejitanda blanketi juu ya kanga mbili, soksi za mumewe miguuni, akaniambia kwa Kiswahili kitamu, karibu mwenzangu, karibu kwenye barafu. Kisha akanionyesha sebule, na mimi nikasahau kumwuliza kodi.

Ukutani kulikuwa na tangi la kioo lenye fremu ya chuma iliyopakwa lami. Alikuwa ameliacha mwalimu mmoja wa kigeni aliyerudi kwao, pamoja na pampu ndogo ya umeme ya kupuliza hewa. Mwalimu alifuga humo samaki wa mtoni. Rajabu alilinunua kwa sababu nyingine. Mke wake alikuwa na mwaka mmoja Iringa, na katika mwaka huo alikuwa amekonda, hatoki nje, anakaa dirishani kutazama malori yanayoshuka kuelekea pwani. Rajabu hakujua la kumwambia. Basi akaenda kumletea bahari. Safari ya kwanza aliileta kwenye madebe ya bati, ikafika ina kutu, na kila kilichotiwa humo kikafa. Safari ya pili akatumia madumu ya plastiki, kumi na mawili, ameyapanga nyuma ya kiti chake na juu ya mizigo ya watu. Baada ya hapo kila alipopanda alikuja na madumu mawili matatu, na magunia yaliyoloweshwa yenye mawe ya baharini ndani, mawe yanayotembewa na vidudu vidogo mno, ambavyo ukivitazama kwa jicho la kawaida utadhani ni vumbi. Majirani walisema mke wa Rajabu amefuga majini. Mama mmoja aliniuliza bombani, kwa sauti ya chini, kama yale mambo ya ndani ya kioo huwa yanaongea. Nilimjibu yanaongea Kipangani, na kwa wiki mbili hakuna aliyenisogelea bombani.

Kazi ya kuitunza bahari ile niliijua haraka. Maji yakipungua kwa jua, chumvi haipungui, kwa hiyo unaongeza maji ya mvua. Kiasi gani? Hakukuwa na chombo cha kupimia. Dada Mwanahamisi alichovya kidole cha kati, akaonja, akafumba macho kidogo, akasema kikombe kimoja, au viwili na robo. Nilimcheka, maana mimi nilikuwa mtu wa vipimo. Kisha nikamwona akionja kila asubuhi kwa miezi bila samaki hata mmoja kupinda mgongo, nikaacha kucheka. Kukiwa na baridi tulitia maji ya moto kwenye chupa za soda, tukazifunga, tukaziacha zielee ndani ya tangi, na tangi lenyewe tukalivika blanketi. Umeme ukikatika tulikaa mmoja huku mmoja kule, tukichota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu ili yaingie hewa, tukipiga soga mpaka mikono ife ganzi. Sijui kama nimewahi kuongea na mtu maishani kama nilivyoongea na yule dada kwenye kukatika kwa umeme. Alinisimulia wanawake wa kwao wanavyotoka wakati wa bamvua, maji yanapopwa mpaka mbali kabisa, na vijiti mikononi, wanatembea juu ya miamba kutafuta pweza, na watoto nyuma yao wakichungulia vidimbwi. Mimi nilimsimulia Uyole na vifaranga. Mchele nilikuwa natumiwa kutoka Kyela, nazi alileta shemeji, na siku wali ule unaiva alinipakulia ukoko akisema haya, Kyela na Pangani zimeoana sufuriani.

Lakini nyumba yetu haikuwa na dari. Kuta zilipanda mpaka zikafika mahali zikachoka, na juu yake maneno yalipita yanavyotaka. Ndivyo nilivyojua barua za Pangani zilikuwa zinasema nini. Mama yake alikuwa akimwambia arudi, kwamba miaka miwili ya ndoa imepita bila mtoto, na baridi ile itammaliza. Mwezi wa tatu, shemeji akiwa nyumbani, nilimsikia dada akimwambia bila hasira kwamba mvua zikikatika atakwenda kwao, na hajui kama atarudi. Rajabu akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeogopa kuvunja kitu, kama kuna jambo lolote angependa aletewe. Nikamsikia dada akicheka kidogo. Alisema, mletee mwenzake yule. Mimi natosha kuwa mpweke humu ndani, siwezi kumtazama na yule naye akiwa peke yake.

Yule alikuwa samaki mmoja mdogo kuliko kidole changu cha shahada. Mwili wake ulikuwa mweupe wenye mabaka ya rangi ya udongo wa kufinyangia, na madoadoa kama nyota. Hakuwa na magamba, alikuwa na ute unaonuka, na kwa sababu hiyo hakuna anayemla, na kwa kuwa hakuna anayemla wavuvi hawakuhangaika kumpa jina. Alitembea chini mchangani kwa mapezi yake ya tumboni, akidonoa vile vidudu kwenye mawe, kimoja kimoja, siku nzima, akigeuza macho huku na huku kama karani mwenye kazi nyingi. Mgongoni, mbele, alikuwa na pezi ambalo mara nyingi amelilaza. Akifurahi au akikasirika alilisimamisha, na hapo ndipo ulipopata ajabu: bendera ndefu, pana, yenye miduara kama macho. Dada alimwita Bwana Harusi. Alinieleza kwamba anawafahamu tangu utotoni, vidimbwini. Dume ana bendera ndefu. Jike pezi lake la mbele ni fupi, mviringo, na tumbo limejaa zaidi. Jua likizama, dume humfuata jike, wakakaa shavu kwa shavu, wakapanda juu pamoja polepole mpaka karibu na uso wa maji, na hapo ndipo jike anapotoa mayai. Alikuwa amewaona mara moja tu, ana miaka tisa, na shangazi yake alimchapa kwa kuchelewa maji yakijaa. Alisema fimbo ile hajaijutia.

Na madume wawili? Hilo nilimwuliza mimi. Akasema madume wawili watang'atana midomo wasiachiane mpaka mmoja afe. Kwa hiyo alikuwa na utaratibu wake. Akija samaki mgeni, kwanza kinawekwa kipande cha kioo katikati ya tangi, kimeachiwa upenyo pembeni maji yapite, mgeni anakaa upande wake. Wanatazamana. Samaki mwenye hofu, alisema, hulaza bendera ikashikamana na mgongo, usijue ni dume au jike, hata ungekuwa umezaliwa naye. Mpaka atulie, ale, aone mwenzake kila siku, ndipo atakapojionyesha. Wiki moja, pengine mbili. Kile kipande tulikiita kioo cha uchumba. Rajabu alikikata mwenyewe kutoka dirisha la lori lililopasuka, akasugua kingo zake kwenye jiwe zisije zikamkata mke wake vidole.

Mwezi wa nne shemeji alikuja na mgeni. Alikuwa amembeba kutoka Dar es Salaam ndani ya ndoo iliyofunikwa kitambaa, na kila aliposimama, Morogoro, Mikumi, Mbuyuni, alishuka na kikombe kumimina maji hewa iingie. Macho yake yalikuwa mekundu. Dada alikuwa chumbani na homa, anatetemeka chini ya mablanketi matatu, na lori lilikuwa barabarani likinguruma kwa sababu mzigo wa Tunduma ulikuwa umechelewa. Shemeji aliniita sebuleni. Akasema wavuvi wamemwambia ni jike lakini hawakuwa na hakika, na dada yako amesisitiza tuweke kioo kwanza. Nikachungulia kwenye ndoo. Nikamwona samaki mnene kidogo, mgongo laini, hana bendera. Nikamchukua kwenye bakuli la chai, nikamgeuza huku na huku kama nilivyozoea, tumbo limejaa, mgongoni hakuna kitu. Nikatamka. Nilisema ni jike, shemeji, hapa hakuna haja ya kioo, mimi nimetazama vifaranga elfu na elfu. Rajabu alikuwa ameshika kile kioo mkononi. Alitazama mlango wa chumbani, akatazama barabarani, akaniambia, "Haya. Wewe ndiye msomi." Akakiegemeza kioo ukutani, akaondoka.

Nataka nieleweke. Kiburi kilikuwepo, sikatai, lakini pia nilimpenda yule dada, na nilijua mvua zilikuwa zinakaribia kukatika. Nilikuwa nimejichorea picha kwamba homa itashuka, atatoka na blanketi lake, na atawakuta wawili pamoja, wanatembea mchangani kama mtu na mkewe. Nilitaka niwe mimi niliyempa picha ile. Nikammimina mgeni ndani ya tangi, akazama akajificha nyuma ya jiwe, nikaenda kazini nikiimba.

Niliporudi jioni ya siku ya pili, dada Mwanahamisi alikuwa amesimama mbele ya tangi. Nyuma ya mabega yake niliona bendera mbili. Ya mgeni ilikuwa ndefu kupita ya mwenyeji. Walikuwa wameng'atana midomo, wanazunguka mchangani polepole, wala hakukuwa na fujo, na hilo ndilo lililonitisha. Tuliwatenganisha kwa kijiko cha mbao. Tukaweka kioo, tukiwa tumechelewa. Bwana Harusi alilala ubavu usiku kucha na asubuhi alikuwa amekufa. Dada alimtoa kwa mkono, akamfunga kwenye kipande cha jani la mgomba, akamzika chini ya dirisha. Hakulia. Aliniuliza tu kama shemeji yangu hakuambiwa aweke kioo, na mimi, bibi mwenye cheti, nikasema sikuwepo vizuri, dada, nilikuwa natoka. Maneno hayo naweza kuyasikia mpaka leo na kuona haya.

Shemeji alirudi kutoka Tunduma baada ya siku nne. Nilikuwa chumbani kwangu, mkono kwenye komeo la mlango, nasikiliza juu ya ukuta. Dada hakupaza sauti. Alisema hakasiriki kwa ajili ya samaki. Alisema katika miaka miwili ya ndoa ameomba neno moja tu, kioo, na hata hilo halikusikilizwa. Akasema yeye anaweza kuishi kwenye baridi, anaweza kuishi bila mtoto ikiwa ndivyo Mungu alivyopanga, lakini hawezi kuishi na mtu asiyemsikia. Kisha akauliza, "Nani alisema yule ni jike?"

Nilijua anachotakiwa kujibu. Nilikaza mkono kwenye komeo, nikingoja jina langu.

"Mimi," akasema Rajabu. "Nilimtazama vibaya."

Basi. Hakuongeza lingine. Nikasikia sanduku likivutwa kutoka chini ya kitanda. Ungedhani hapo ningefungua mlango. Sikufungua. Nilikaa siku tatu nzima na maneno yangu kooni, nakwenda kazini, narudi, nakula ugali wa dada na maharage yake, nasema asante. Nilikuwa najiambia mambo ya mtu na mkewe hayaingiliwi. Uongo mtupu. Nilikuwa naogopa kwamba nikisema, kile cheti kitakuwa karatasi. Siku ya nne asubuhi lori, ambalo shemeji alikuwa amelilaza siku hizo zote kumngoja mkewe, lilikuwa barabarani, sanduku limefungwa kamba, shemeji yuko nje anakagua matairi yasiyohitaji kukaguliwa. Nilimkuta dada jikoni anajitanda kanga ya safari.

Nikamwambia, "Dada, aliyesema yule ni jike ni mimi. Shemeji alikuwa ameshika kioo mkononi. Mimi ndiye niliyemkataza."

Alikaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu. Nilimngojea anitukane, na nilitaka anitukane. Aliuliza kwa nini mume wake hakusema hivyo. Nikamjibu sijui. Akatazama moto, akasema, "Kumbe alinisikia."

Alirudia mara ya pili, polepole, na uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyetua mzigo. Kisha akanishika kidevu, si kwa upole, akanitazama machoni. "Usimwambie kwamba najua. Umesikia, Tusekile? Wewe na mimi hatujaongea. Mwanamume amebeba kosa la mtu mwingine, hakudai shukrani. Niache nimtazame." Nikaapa. Akaniambia mimi ni mjinga na mwoga, na kwamba niendelee kuwafuga kuku. Hapo akanikumbatia, na mimi nikalia juu ya kanga yake ya safari. Kisha akachukua ndoo, ile yenye kitambaa, akatoka. Alikwenda safari. Lakini sanduku alinionyesha kwa kidevu, akasema libaki.

Nilibaki na yule dume muuaji. Niliwajibika naye kwa wiki tatu. Nilionja maji kila asubuhi kwa ulimi wangu wa Kinyakyusa usiojua bahari, natema, naonja tena, naongeza kikombe cha mvua na kuogopa siku nzima ofisini. Baridi ilikuwa imeanza, nikachemsha chupa. Shemeji alipita akipanda, peke yake. Nikamtazama, akatikisa kichwa. Alikuwa amempeleka mpaka Dar es Salaam, na kutoka hapo dada alipanda basi kwenda kwao. Shemeji aliacha madumu ya maji, akakaa kidogo mbele ya tangi, akaondoka bila kula. Akapita tena akishuka, akatikisa kichwa kabla sijamtazama. Nilitaka kumwambia kuhusu sanduku, kwamba mtu anayeondoka kabisa haachi sanduku. Lakini kwa hilo ningelazimika kusema na mengine, na nilikuwa nimeapa. Ndipo nilipojifunza kwamba kunyamaza kuna namna mbili, na ya pili ni ngumu zaidi, maana haina manufaa kwako.

Dada aliporudi ilikuwa saa kumi jioni, jua bado lipo. Nilisikia lori, nikatoka na mikono ya unga. Dada Mwanahamisi alikuwa ameketi mbele, miguu ameitanua kama mpanda punda, na ndoo katikati ya miguu. Alikuwa amekaa hivyo tangu Dar es Salaam, na hakuweza kusimama mpaka shemeji alipombeba. Alimshusha kwa mikono miwili, mbele ya majirani wote wa Ipogolo, na mwanamume yule mwenye haya hakuona haya. Ndani ya ndoo alikuwemo jike. Safari hii hapakuwa na kubahatisha. Alikuwa amengoja bamvua mbili, amekaa kwenye miamba na shangazi zake, na hakumchukua mpaka alipomwona akitembea kwenye kidimbwi chake akiwa ametulia, pezi fupi limesimama, dume wa pale akimzunguka. Wanawake wa kwao walimcheka, wakamwuliza anatafuta nini muda wote huo. Akawaambia anamtafutia mke samaki wake. Wakataka kujua samaki gani huyo, yuko wapi, na yeye akaanza kuwaeleza kuhusu chupa za moto na blanketi na umeme unavyokatika. Aliniambia baadaye kwamba katikati ya maelezo alijisikia akisema kwetu Iringa, na mama yake, aliyekuwa karibu, akaacha kuchokoa pweza. Tangu siku hiyo mama hakumwambia tena abaki.

Hata hivyo tuliweka kioo. Siku kumi na moja. Mimi ndiye niliyekaa na kazi ya kutazama, na nilikatazwa kutamka lolote. Siku ya kumi na mbili dada alikiinua kioo kwa vidole viwili, polepole, na hakuna aliyemng'ata mwenzake.

Walipanda mwezi wa saba. Jua lilikuwa limezama nyuma ya mlima, sebule imeanza giza, na adhana ya magharibi ilikuwa imetoka kuisha. Dada alikuwa anataka kusali, akasita na mkeka mkononi. Dume alikuwa amesimamisha bendera yote, anamzunguka jike. Kisha jike akasogea ubavuni mwake, wakakaa shavu kwa shavu, na bila kuharakisha wakaanza kupanda. Walipanda kama vitu viwili vilivyosahau uzito wao, wakapita mawe, wakapita chupa zetu za soda, mpaka chini kidogo ya uso wa maji. Hapo wakatikisika mara moja, kikatoka kitu kama vumbi jeupe, na wote wawili wakashuka mchangani ghafla, kila mmoja na njia yake. Dada aliushika mkono wangu akaubana mpaka ukauma. Mayai yale hayakufika popote, pampu iliyanyonya au samaki wengine waliyala, lakini jioni nyingi baada ya ile walipanda tena. Rajabu hakuwaona hata mara moja. Kila magharibi ya Mungu alikuwa barabarani, na siku alizokuwa nyumbani, samaki wale walikataa.

Mwaka uliofuata nilihamishiwa Mbeya. Tangi lilidumu miaka michache, mpaka pampu ilipokufa na kukawa hakuna spea. Kufikia hapo dada alikuwa na watoto wawili wa kushika kanga yake, na wengine wawili wakafuata, na alikuwa anaweza kukaa dirishani mwaka mzima bila kuyatazama malori. Alizikwa Ipogolo kwa wosia wake mwenyewe. Watoto walikuwa wamemwuliza kuhusu Pangani, akakataa.

Siku ile ya tatu, watu walipopungua, shemeji Rajabu aliniita uani. Anatembea kwa mkongojo sasa, na macho yake yamefunikwa na ukungu. Aliniuliza kwanza kuhusu ile jioni ya mwezi wa saba, nikamsimulia yote tena, na kwa kuwa haoni vizuri nilimshika viganja vyake viwili, nikaviweka ubavu kwa ubavu, nikavipandisha polepole mpaka usawa wa uso wake. Aliviacha pale kwa muda. Kisha akainama karibu na sikio langu, na sauti yake ilikuwa na fahari ya kijana.

"Ile siri yako, Tusekile. Habari ya kioo. Miaka yote hii sikumwambia. Amekwenda bila kujua kama ulikuwa wewe."

Nilimtazama mzee yule. Nilifikiria jikoni, mbuzi ya nazi, kidevu changu mkononi mwa dada. Miaka yote ile, alimtazama mumewe akiitunza siri, na hakuwahi kumnyang'anya.

"Ndaga fijo, shemeji," nikamshukuru kwa Kinyakyusa. "Umenitunza sana."

Akaridhika. Nikamsindikiza ndani, nikamketisha karibu na doa lake la chumvi. Siku hizi hasomi mwenyewe. Anayemsomea ni yule mjukuu aliyenieleza kuhusu unyevu, msichana mwenye sauti nzuri na subira. Kitabu hiki kikitoka nitampelekea nakala, na nimeshamwomba jambo moja: akifika pale jikoni, aruke moja kwa moja mpaka ndoo inapotoka nje, aruke na yale ya sanduku na kiapo changu, na huku mwishoni asome mpaka kwenye viganja, kisha afunge kitabu aseme kimekwisha.